Jinsi ya kuchoma sate ya Madura, kwa wewe uliyezoea mishkaki

Watu wakisikia nilikaa Surabaya, mji wa Indonesia, miaka miwili swali la kwanza ni lilelile, eti sate si ndo mishkaki tu? Na mi mwanzoni nilidhani hivohivo, yaani nyama kwenye kijiti juu ya mkaa, jipya liko wapi hapo, mtu umekulia Dar unakula mishkaki ya kona toka darasa la tatu. Ilinichukua kama mwezi, na kilo mbili za kuku zilizoishia kwa paka wa hosteli, ndo nikaelewa kwamba ule mkono wa mishkaki ndo unaoharibu sate. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuchoma mishkaki, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa kuacha mazoea.

Kwanza tuelewane ni sate ipi, maana ziko kibao. Indonesia ni visiwa zaidi ya elfu kumi na saba na karibu kila mji una ya kwake, mwaka 2018 wizara yao ya utalii iliiweka sate kwenye orodha ya vyakula vitano vya taifa pamoja na soto, rendang, nasi goreng na gado-gado. Bali wanatwanga samaki na nazi wanabandika kwenye bua la mchaichai, hiyo sate lilit. Kusini ya Yogyakarta wanachoma mbuzi kwenye spoku za baiskeli, sikutanii, inaitwa sate klathak, viungo ni chumvi tu basi, na spoku ina sababu yake maana chuma kinapeleka moto mpaka katikati ya nyama kwa hiyo inaiva nje na ndani kwa pamoja. Padang wana ya ulimi wa ng'ombe na rojo zito la njano lililoshikishwa kwa unga wa mchele. Solo kuna sate kere, na kere maana yake fukara, mtu hana hela ya nyama basi anachoma makapi ya soya yaliyobaki baada ya kutengeneza tofu, na nakwambia ukiila na mchuzi wake nyama huikumbuki.

Ila ukitaja sate Jakarta au Surabaya bila kuongeza neno, mtu anawaza sate ayam ya Madura, kuku na mchuzi wa karanga. Hiyo ndo tunapika leo.

Madura ni kisiwa kiko pua na mdomo na Surabaya, zamani unavuka kwa feri, toka 2009 kuna daraja linaitwa Suramadu, urefu kama kilomita 5.4. Kisiwa chenyewe ni kikavu, mawe ya chokaa, chumvi wanavuna sana ila kilimo ni cha kubahatisha, kwa hiyo Mmadura toka zamani ni mtu wa kuondoka kwenda kutafuta. Unajua Mpemba na duka, Mchaga na duka? Ndo hivo. Kila mji wa Indonesia utakaoenda kuna Mmadura anachoma sate na mwingine kafungua kaduka kanachokesha saa 24, na wenyewe wana utani kwamba duka la Mmadura linafungwa siku ya kiama tu, na hata siku hiyo litafungua nusu siku kwanza.

Zamani muuza sate alitembea na mzega begani, upande mmoja jiko upande wa pili nyama na sahani, baadae wakahamia kwenye mikokoteni na mingi imetengenezwa na umbo la mashua, sijui ni kukumbuka bahari au ni urembo tu. Wauzaji wa barabarani kwa ujumla wanaitwa kaki lima, yaani miguu mitano, watu wanakuhesabia mkokoteni mitatu na mwenyewe miwili. Huyu wa sate anapita usiku, utamsikia kabla hujamuona, "teee... sateee!", sauti inavutwa mpaka unatafuta ndala zako. Obama, ambae aliishi Jakarta akiwa mtoto, aliporudi kama rais Novemba 2010 akahutubia pale Chuo Kikuu cha Indonesia aliigiza hizo sauti za wauza sate na bakso (vidonge vya nyama kwenye supu) na ukumbi mzima ukalipuka. Mtoto wa Mjaluo anaita sate kwa lafudhi ya Jakarta, dunia hii.

Na udugu na mishkaki upo, sikatai. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sate ilichipuka Java, kisiwa chenye Jakarta na Surabaya, baada ya Waarabu na Wahindi Waislamu kuingia kwa wingi karne ya 19 na kebabu zao, wachuuzi wa Java wakaichukua wakaifanya yao. Na hao Waarabu wengi walikuwa Wahadhrami, haohao waliokuja Lamu, Mombasa na Unguja. Surabaya kuna mtaa unaitwa Ampel, unauzunguka msikiti wa Sunan Ampel, siku ya kwanza naingia pale nilisimama kabisa, harufu ya udi, tende kwenye magunia, wazee na kofia na vikoi, mabango ya akina Al-Haddad, nikahisi niko Darajani. Hata lugha inakuchezea, wanasalimiana "apa kabar", kabar ndo habari, nanasi wanaita nanas, meza wanaita meja. Kwa hiyo ni ndugu, ila ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Tuingie jikoni.

Mahitaji kwa watu wanne watano: kilo moja ya kuku, mapaja yasiyo na mfupa, na tafadhali chukua kuku wa kisasa, wa kienyeji atakukomaza taya. Ngozi usitupe. Karanga mbichi robo kilo, korosho kumi hivi, vitunguu swaumu punje tano, kipande cha tangawizi, pilipili nyekundu ndefu tatu zisizo kali, sukari guru kama gramu 150 kwa jumla, soya sosi kikombe kimoja, ndimu, vitunguu vidogo vyekundu, pilipili kali, mafuta ya kupikia, chumvi. Vijiti kama hamsini. Hamna tui. Narudia hamna tui, najua wa pwani mkono unawasha, Malaysia na Thailand huko wanaweka lakini mchuzi wa Madura ni karanga na maji, ukitia tui unapata kitu kitamu tu ila sio hichi.

Anza na kecap manis, unatamka "kechap manis", ni soya sosi yao tamu nzito nyeusi kama lami. Ukiikuta supamaketi nunua umalize, usipoikuta unatengeneza: soya sosi kikombe kimoja, sukari guru gramu 100 uliyoiponda, punje moja ya kitunguu swaumu na kipande cha tangawizi, weka kwenye sufuria moto mdogo, koroga sukari iyeyuke afu acha ichemke taratibu dakika kumi mpaka kumi na tano. Chovya kijiko, ikikishika mgongo bila kukimbia yote epua, usisubiri iwe nzito kama unavyoitaka maana ikipoa inakaza zaidi, mi ya kwanza niliiacha ikawa pipi nikaikwangua na kisu. Chumvi usiongeze, soya sosi tayari ni bahari.

Mchuzi wa karanga sasa, na hapa ndo pa kutulia sababu sate ni mchuzi. Karanga hazikaangwi kavu kama za bisi, zinakaangwa ndani ya mafuta, na ganda lake jekundu juu yake. Mafuta ya kuzifunika nusu, moto wa wastani, unageuza geuza dakika tano sita. Zitoe zikiwa bado hazijafika rangi unayotaka, zinaendelea kujiiva zenyewe zikiwa nje, ukisubiri ziwe kahawia humohumo kwenye mafuta mchuzi wako utakuwa mchungu na hamna sukari itakayouokoa. Mafuta hayohayo kaanga korosho, kitunguu swaumu na zile pilipili ndefu mpaka zilegee. Wenyewe hawaweki korosho, wana kokwa moja inaitwa kemiri, ina mafuta mengi inaupa mchuzi ule ulaini, lakini hailiwi mbichi na huku sijawahi kuiona sokoni, korosho ya Mtwara inafanya kazi yake vizuri kabisa na mi naona ni tamu kuliko.

Saga vyote. Kule wanasagia kwenye jiwe la bapa linaloitwa cobek, unasugua sio kutwanga, ila kinu kinafaa na blenda inafaa pia, isipokuwa usisage mpaka iwe lami, bakiza chengachenga kidogo mtu ajue anakula karanga. Na siagi ya karanga ya kopo sahau, ile nilijaribu wiki ya kwanza nikamwonjesha jamaa tuliyekuwa tunakaa nae chumba kimoja, akatabasamu ile ya heshima, afu akatoka nje kwenda kununua tambi.

Rudisha kwenye sufuria na vikombe viwili vya maji, sukari guru iliyobaki, na chumvi nusu kijiko cha chai. Moto mdogo. Koroga kila baada ya muda maana karanga inashika chini haraka sana. Itapita hatua tatu: kwanza ni maji maji na karanga zimetengana unaona kama umeharibu, afu inakuwa uji, afu dakika kama 20 hivi utaanza kuona mafuta mekundu yanajitokeza pembeni ya sufuria na juu. Hayo mafuta ndo kipimo, mtu wa pwani unajua hii, ni kama unavyosubiri mchuzi wa nazi utoe mafuta. Kabla hayajatoka mchuzi ni mbichi hata kama ni mzito. Wapo wanaotia na petis, rojo jeusi la kamba, harufu yake ni ya bandarini, mi siweki.

Nyama. Kata vipande vidogo, nasema vidogo, upana wa kidole gumba hivi, sentimeta mbili. Hapa ndo mkono wa mishkaki unapokataa kutii, tumezoea mnofu wa kujaza mdomo, lakini sate inakaa motoni dakika tano tu kwa hiyo ikiwa nene itaungua nje huku ndani ni mbichi, na kuku mbichi si wa kuchezea. Usitie papai. Usitie tangawizi, ndimu, masala ya kuku, maziwa mgando wala kitu chochote cha kulaza usiku kucha. Paja la kuku limeshalainika toka kwa Mungu, unalilainisha tena la nini? Mi nililaza na papai kama nilivyofundishwa nyumbani, asubuhi nikakuta uji, unachoma kijiti nyama inateleza inarudi kwenye bakuli. Tunga vipande vitatu kipande cha ngozi kipande kimoja, vikae karibu karibu lakini visibanane, juu ya nusu ya kijiti tu, nusu ya pili ibaki tupu ndo mpini.

Vijiti vya mianzi vya dukani vinatosha. Ukikosa chukua chelewa, kabisa, chelewa za ukuti za fagio (fagio jipya jamani), wao wanaziita lidi na sate za Padang zinatungwa humo miaka yote.

Moto. Jiko la muuza sate ni mfereji mrefu mwembamba wa bati, upana wake ni wa nyama tu, mipini inaning'inia nje kwa hiyo haiungui na anaweza kushika vijiti ishirini kwa mkono mmoja akavigeuza kwa pamoja kama mtu anayefunua kitabu. Jiko letu la mkaa la duara halifanyi hivo, vijiti vinalala juu ya moto vyote, nusu saa baadae huna kijiti una nyama ndani ya makaa. Dawa ni rahisi, panga matofali mistari miwili, acha nafasi ya kama sentimeta 10 katikati, jaza makaa humo, vijiti vinakaa vimelala juu ya matofali kama daraja. Makaa ya vifuu ukiyapata ndo yenyewe, yanashika moto mkali na moshi wake ni mzuri, yasipopatikana mkaa wa kawaida uliokwisha kuwa mwekundu wote. Na kipepeo lazima, kile cha ukili, sio mfuniko wa sufuria.

Kule Idi ya kuchinja ndo utaona moto, familia zinapata nyama ya mbuzi ya msikitini jioni mtaa mzima unachoma, kila mlango kuna mfereji wa makaa na watoto wanapepea, wana hadi kitenzi chake, nyate, yaani "kusate". Nguo ulizoanika siku hiyo zifue tena.

Kuchoma kwenyewe ni mara mbili. Chukua mchuzi wa karanga vijiko vitatu, kecap manis vijiko vitatu, mafuta kijiko kimoja, changanya kwenye sahani ya bapa. Sate zinaingia motoni kwanza zikiwa tupu hivohivo, pepea kwa nguvu, dakika mbili mpaka nyama ibadilike rangi iwe nyeupe. Ndo unazishika zote kwa mpigo unazilaza kwenye ile sahani, geuza, zirowe, zirudi motoni. Sasa sukari itadondoka kwenye makaa moshi utafuka utalia machozi, huo moshi ndo ladha usiukimbie, pepea, geuza, pepea, geuza, dakika mbili tatu, kingo ziwe na weusi kidogo. Ukizipaka kecap toka mwanzo sukari inaungua nyama ikiwa bado, na hilo ndo kosa la kila mtu. Mwali ukiwaka toa vijiti pembeni, usimwage maji, majivu yatapanda juu ya nyama. Kata kipande kimoja kikubwa uangalie, ndani kusiwe na wekundu hata kidogo.

Kuna Cak mmoja alikuwa anasimama kona ya hosteli yetu, Cak ni kama kusema kaka kwa Surabaya na Madura, fulana yake ya mistari miekundu na myeupe ile ya Kimadura, kipepeo kwenye mkono wa kulia na hasimamishi hata akikupa chenji. Nilichojifunza kwake ni sahani. Hamwagi mchuzi juu ya nyama kwanza. Anachota rojo la karanga anaweka kwenye sahani, anatia kecap inazunguka kama uzi mweusi, anakamua ndimu, anasugua vyote kwa mgongo wa kijiko palepale kwenye sahani mpaka rangi iwe kama ya kahawa ya maziwa, ndo analaza vijiti kumi juu, kumi ndo sahani moja, halafu anamalizia mchuzi kidogo na vitunguu vidogo vilivyokatwa vibichi na vile vilivyokaangwa vikavu. Pilipili kali iliyochemshwa na kusagwa inakaa pembeni, unajipimia mwenyewe. Ukisugua sahani kwa sahani kila mtu anapata tamu au chachu anayoitaka, na mchuzi haukai ukapoa.

Chini ya sate kunakuwa na lontong, wali uliobanwa ndani ya jani la mgomba. Pitisha jani juu ya moto lilegee, kunja kama bomba, ziba upande mmoja kwa kijiti, jaza mchele uliooshwa mpaka nusu tu, ziba, chemsha masaa manne maji yakifunika muda wote. Mchele unavimba unajibana wenyewe unakuwa gogo, unakata vipande kama mkate. Huna masaa manne? Pika wali laini wenye maji zaidi, uponde ukiwa wa moto, shindilia kwenye chombo ulichopaka mafuta, uweke friji usiku, asubuhi unakata. Sio sawa na wa jani, hauna ile harufu, lakini unabeba mchuzi.

Mchuzi ukibaki weka friji kwenye chupa unakaa wiki. Utaganda kama zege usiogope, maji ya moto vijiko viwili na moto mdogo unarudi kama jana, na hapo jaribu na muhogo wa kukaanga.